Daktari kasema moyo wa Mandazi unavuma, na mume wangu hajui

Shikamoo Shangazi,

Naomba usinitaje jina. Niko Dodoma, nje kidogo ya mji, mama wa watoto wawili, na ninachokuandikia ni habari ya mbwa. Najua wapo watakaocheka. Mimi usingizi umeniisha.

Miezi miwili iliyopita wezi waliingia bandani kwetu wakaondoka na kuku kumi na wanne. Mume wangu akaapa hatalala tena bila mbwa. Baba yake mdogo anafuga German Shepherd, akatuuzia jike la wiki saba kwa laki nne, bei ya ndugu kama alivyosema mwenyewe. Tulikubaliana tukiona kasoro ndani ya wiki tatu tumrudishe, atatupa mwingine wa uzao uleule. Mume wangu ana hesabu zake tayari: mbwa akikua azae, tuuze vilebu, laki nne irudi na kupita.

Binti yangu wa darasa la tatu alimpa jina Mandazi siku hiyohiyo, kwa rangi yake na kwa jinsi tumbo lilivyotuna. Tangu hapo hawaachani.

Wiki moja baadaye nilimpeleka chanjo, mume akiwa kazini. Daktari alimwekea stethoskopu kifuani, akanyamaza, akaihamisha, akanyamaza tena. Mandazi mwenyewe hatulii, analia, anajinyonganyonga. Akasema, "Mama, moyo wa huyu una mvumo." Nikauliza ndiyo nini, akasema wengine huita mnung'uniko wa moyo, akaandika kwenye kadi: "Mvumo 2/6, kushoto. Arudi baada ya wiki 4." Akachoma sindano, akamwita mteja mwingine. Sikuuliza tena. Neno moyo lilikuwa limeshaniziba masikio.

Nyumbani nikapiga hesabu. Mbili ya sita, si ndiyo theluthi? Yaani theluthi ya moyo imeshaharibika?

Kadi nimeificha kabatini chini ya mashuka. Mume wangu akijua atamrudisha kesho yake, kwani maneno ni maneno na laki nne ni laki nne. Na mimi najua kinachowapata wanaorudishwa. Mwaka jana jirani alirudisha kilebu aliyekuwa anachechemea. Nilipomuuliza baba mdogo yuko wapi, alicheka tu, akasema, "Nilimpumzisha."

Mandazi anakula vizuri, anacheza, viroboto anao kama alivyokuja nao. Lakini nimemkataza binti asimkimbize. Kila wakikimbia moyo wangu mimi ndio unavuma. Usiku naamka naweka sikio kifuani pake. Nafikiria pia nisimpeleke chanjo ya pili, moyo mgonjwa utahimili vipi sindano? Kwenye kikoba nina laki moja na themanini za ada ya muhula ujao, na nimesikia kuna picha ya moyo inayopigwa.

Zimebaki siku tano wiki tatu zitimie. Nimwambie mume? Nimrudishe Mandazi? Ninyamaze siku zipite? Au nitoe hela ya ada kwa ajili ya mbwa? Binti ameanza kuniuliza kwa nini Mandazi haruhusiwi kukimbia, na mimi sijui niseme nini.

Mama wa Mandazi, Dodoma

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Mimi sikucheka. Aliyecheka ni daktari wa mifugo niliyempigia simu kumsomea barua yako, maana mambo ya ndoa nayajua kidogo lakini ya moyo wa mbwa siyajui kabisa. Alicheka nilipofika kwenye theluthi, kisha akaomba radhi, akasema si kosa lako, ni la aliyekuandikia namba bila kukuambia maana yake. Tuanze na hiyo namba, kwa sababu naona hofu yako yote imekaa juu yake.

Mbili ya sita ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Basi. Moyo ukipiga, milango yake hufunga na kutoa zile sauti mbili unazozijua, du-du, du-du. Damu ikipita mahali kwa vurugu, katikati ya hizo mbili huingia kitu kama pumzi, "fuu". Hiyo fuu ndiyo mvumo. Daraja la kwanza ni hafifu kiasi kwamba daktari lazima atulie mahali pakimya ndipo aipate. La pili bado ni hafifu lakini inasikika mara moja. La tano, ukiweka kiganja kifuani unahisi mtetemo kama wa paka anayekoroma, na la sita husikika hata stethoskopu ikiinuliwa kidogo kutoka mwilini. Kipimo chenyewe kilianzia kwa wagonjwa wa moyo binadamu, huko Marekani mwaka 1933, madaktari wa wanyama wakakichukua. Hakihesabu moyo umeharibika kiasi gani. Tena kelele yenyewe haiaminiki sana: tundu dogo kati ya vyumba vya chini vya moyo linaweza kuvuma kuliko tundu kubwa, kama mpira wa maji unavyopiga kelele ukiubana mdomo kwa kidole gumba.

Kwa hiyo ulichoambiwa ni kwamba kuna sauti. Jina la ugonjwa hujaambiwa, kwa sababu siku ile hata daktari hakuwa na la kukuambia. Vilebu wengi tu husikika hivyo kati ya wiki ya sita na ya kumi na sita. Mwili unakua mbio, damu yao bado ni nyepesi kuliko ya mbwa mzima, moyo unakwenda kasi, na ukiongeza mnyama anayelia na kujinyonganyonga mezani, sauti inazidi. Mvumo wa namna hiyo huwa wa daraja la kwanza au la pili, upande wa kushoto, leo upo, kesho hausikiki vizuri, na kwa kawaida hupotea kabisa mbwa akifika miezi minne, mitano hivi. Moyo wenyewe hauna kasoro. Ndiyo maana "arudi baada ya wiki 4" haikunishtua kama ilivyokushtua wewe. Wewe umeisoma kama kukata tamaa. Mimi, baada ya simu ile, naisoma kama mtu anayetaka kusikiliza tena moyo ukiwa umekua kidogo, na mgonjwa akiwa ametulia.

Lakini sitakudanganya kwamba Mandazi ni wa kundi hilo. Hilo hakuna anayelijua bado.

Kuna kasoro moja ya kuzaliwa ambayo nakutaka uijue, kwa sababu huonekana zaidi kwa majike na German Shepherd ni miongoni mwa mbwa wanaoipata. Kilebu akiwa tumboni hapumui, kwa hiyo kuna mshipa mfupi unaoipitisha damu kando ya mapafu. Akizaliwa, mshipa huo unatakiwa ujifunge ndani ya siku chache. Usipojifunga, damu iliyokwisha kutoka kwenye moyo hurudi mapafuni bure, na upande wa kushoto wa moyo unafanya kazi mara mbili mpaka unachoka. Wengi wasiotibiwa hawaumalizi mwaka wao wa kwanza. Wakifungwa mshipa huo mapema, kabla moyo haujatanuka, wengi huishi umri wao wote kama mbwa mwingine yeyote. Mvumo wake una tabia yake. Haukatiki. Unaunguruma mfululizo kama mashine ya kusaga ya mtaa wa pili, na mara nyingi una nguvu sana, daraja la tano au la sita. Cha Mandazi kimeandikwa mbili, na kwa kawaida hivyo sivyo unavyojitokeza. Hata hivyo usisubiri wiki nne kuuliza. Mpigie daktari kesho, swali moja tu: "Mvumo ule ulikuwa unakatika au ulikuwa hauachi?" Akisema haukuachia, au akisema hakuwa na hakika kwa sababu kilebu alikuwa analia, mpeleke tena wiki hii. Akimshika mapigo pajani na kumtazama fizi, dakika tano zinatosha.

Kasoro nyingine ni wembamba wa njia inayotoa damu kwenda mwilini. Rottweiler, Boxer na hao wa kwenu huipata. Hii ni ya kijanja, inaweza kuwa kimya kabisa wiki ya nane na kujitokeza kadiri mbwa anavyokua. Ikiwa kidogo, mbwa huishi na kufanya kazi bila shida. Ikiwa kubwa, anaweza kuanguka ghafla siku moja akikimbia.

Sasa hapo nina swali, mwanangu, na naomba ulifikirie kabla ya zile siku tano kwisha. Huyo kilebu mwingine mtakayebadilishiwa, nani amemsikiliza moyo? Ni wa mama yuleyule na baba yuleyule. Kwako Mandazi ana kasoro na wenzake hawana, lakini tofauti unayoijua ni moja tu, kwamba Mandazi amepelekwa kwa daktari.

Daktari wangu aliniuliza jambo ambalo wewe umelitaja kwa kupita: viroboto, na tumbo lililotuna. Tunacheka na jina Mandazi, lakini tumbo la hivyo kwa kilebu mara nyingi ni minyoo. Minyoo ya safura hunyonya damu utumboni, viroboto wanainyonya nje, na kilebu mdogo hana damu ya kugawa. Damu ikipungua huwa nyepesi, moyo unaisukuma kwa kasi, na moyo mzima kabisa ukaanza kuvuma kwa sababu hiyo tu. Mfunue mdomo utazame fizi. Zikiwa na rangi ya waridi ni vizuri. Zikiwa nyeupe kama karatasi, hiyo ni safari ya leo. Kama hajapewa dawa ya minyoo, au alipewa mara moja tu kule kwa baba mdogo, apewe. Vilebu hupewa kila baada ya wiki mbili katika umri huu. Binti naye anawe mikono, na asikae peku pale mbwa anapojisaidia, kwa kuwa safura ya mbwa hupenya ngozi ya mtu.

Kuhusu kukimbia, nimerudi kwenye barua yako kutafuta mahali daktari alipomkataza Mandazi asicheze. Sikupaona. Hiyo amri ni yako. Naielewa imetoka wapi, lakini binti ameshaanza kusoma uso wako, na mtoto asiyeambiwa kitu hujitungia kibaya zaidi. Kilebu anayekula, anayekua, na anayeacha mwenyewe akichoka, hana haja ya kufungwa. Ungemwambia binti ukweli ulio saizi yake: daktari alisikia sauti kidogo moyoni, huenda ikaondoka, tunamwangalia. Kisha mpe kazi. Mandazi akiwa amelala fofofo, ahesabu kifua kinapanda mara ngapi kwa dakika nzima, aandike kwenye daftari na tarehe. Mbwa mzima aliyelala huwa chini ya 30. Kilebu anaweza kuzidi kidogo, na akiota ndoto huenda mbio, hiyo isihesabiwe. Mnachotafuta ni namba inayopanda siku hadi siku. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko sikio lako la usiku wa manane, na nawe utalala.

Akianza kukohoa, kuanguka, kupumua kwa shida akiwa ametulia, fizi kuwa za bluu, au kudumaa wakati anakula, hapo hakuna cha wiki nne.

Chanjo ndipo niliposhtuka kweli. Mvumo peke yake, kwa kilebu mchangamfu, si sababu ya kuiacha. Daktari wako mwenyewe aliusikia na bado akamchoma sindano ileile siku ile. Ukiiruka ya pili, unamwachia mlango wazi kirusi cha parvo, kile cha kuharisha damu, ambacho huua vilebu kwa siku chache. Sindano hizo hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afike wiki kumi na sita, na ya kichaa cha mbwa huchomwa akiwa na miezi mitatu. Tazama kalenda: safari za chanjo ndizo hizohizo za kusikilizwa moyo. Ya pili ni ile wiki 4 aliyoiandika, na inayofuata inaangukia kwenye umri ambao mvumo wa kawaida huwa unakwisha.

Picha ya moyo nayo ipo, ni altrasaundi, na ndiyo inayoonyesha kasoro iko wapi na ni ya kiasi gani. Ungeipiga leo ungepata jibu leo, hilo ni kweli, na kama usingizi wako una thamani ya ada ya muhula siwezi kukupangia. Lakini kwa mvumo wa daraja la pili kwa kilebu asiye na dalili, madaktari wengi husikiliza tena kwanza, na kuiomba picha kama bado upo miezi minne, au umeongezeka. Si kila kliniki ina mashine na mtu aliyezoea kuusoma moyo wa mbwa. Kwa mtu wa Dodoma, pa kuulizia kwanza ni hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Uliza bei kabla ya kuvunja kikoba. Uliza pia la mbele yake: kasoro ikionekana, tiba yake inapatikana wapi? Kufunga ule mshipa ni kufungua kifua, au kupitisha kifaa ndani ya mishipa ya damu, si kazi ya kila mganga wa mifugo. Ni heri uujue ukomo wa mfuko wako kabla ya kuitazama picha.

Tuje kwa mumeo. Umeniuliza kama umwambie, lakini barua yako inaongea kana kwamba ameshajibu. Unasema atamrudisha kesho yake. Inawezekana. Unamjua kuliko mimi. Ila ninamwona mtu ambaye angesikia "mbwa ana ugonjwa wa moyo", kwa sababu ndivyo wewe ulivyosikia. Bado hajapata nafasi ya kusikia "daktari kasikia sauti ndogo, huenda ikaisha, anataka kumsikiliza tena". Hizo ni habari mbili tofauti. Kumbuka pia kadi ile ataiona. Kama si leo, siku ya chanjo ya pili. Akiikuta chini ya mashuka baada ya wiki tatu kupita, mtakachogombania hakitakuwa mbwa tena.

Kunyamaza mpaka siku zipite kunakupa Mandazi, sikatai. Kunakunyima mkataba, na kunakubebesha peke yako lolote litakalotokea Mandazi akifika miezi sita. Kumrudisha kunaokoa laki nne, au kilebu wa laki nne ambaye hajapimwa, na kunamwacha binti na swali ambalo "nilimpumzisha" haiwezi kulijibu. Kama mtaamua arudi, unaweza kuomba arudi kwa masharti, au uulizie mtu anayetaka mbwa wa kufuga tu na anayeijua hali yake. Kuna njia nyingine nyembamba kati ya hizo: mumeo amwombe baba yake mdogo aongeze muda, kwa maandishi hata ya simu, mpaka Mandazi afike miezi minne. Anaweza kukataa. Anaweza kununa, na kununa kwa baba mdogo hufika mpaka kwenye misiba. Lakini yeye ndiye mwenye mama na baba wa vilebu hao, na bila shaka ana wateja wengine. Kasoro hizi hurithiwa. Akiambiwa kwa heshima, bila kushitakiwa, anaweza kuwasikilizisha wengine pia. Anaweza vilevile kumchukua Mandazi na kumuuza kwa mtu asiyejua, hilo nalo liweke kwenye mizani yako.

Hesabu ya mume ya kuuza vilebu naomba isubiri. Mvumo ukiisha, na daktari akaridhika, hakuna kilichoharibika. Ukibaki na picha ikaonyesha kasoro ya kuzaliwa, asizalishwe, hata kama atakuwa mlinzi mzuri wa kuku. Kwa ulinzi, nikwambie, mbwa wetu wa kienyeji wa bure hubweka usiku kama wa laki nne tu, lakini hilo msinukuu mbele ya baba mdogo.

Moja la mwisho, halisubiri mume wala wiki nne: viroboto. Usimwogeshe Mandazi kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, hata jirani akikwambia wake walipona. Kilebu wa umri huu anaweza kufa nayo. Mwambie daktari umri na uzito wake, akupe ya vilebu. Ukimpigia kesho kuuliza kama mvumo ulikuwa unakatika, uliza na hiyo.